Ya Chini Iko Vizuri

Shangazi yangu ana miaka 67 na anaishi Tanga. Siku moja nilimsindikiza duka la dawa kununua vidonge vya goti, akaiona mashine ya presha juu ya kaunta, akasema naye apimwe, basi tu. Alikuwa ametoka kutembea juani, hajakaa, mkono unaning'inia, na mdomo wake haukupumzika tangu tulipoingia. Mashine ikavuma, ikanyamaza, ikaandika 172 kwa 68.

Kijana wa duka akaitazama. "Ya juu imepanda kidogo, bibi, lakini ya chini iko vizuri."

Shangazi akanigeukia kama mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia, baba? Ya chini iko vizuri. Hii ya juu ni jua hili."

Kipimo kile kilikuwa na kasoro, na haki yake nampa. Ukitaka namba ya kuaminika, mtu aketi dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umelala mezani usawa wa moyo, na mdomo umefungwa, jambo ambalo kwa shangazi ni kazi kuliko vidonge. Siku mbili baadaye nikampima hivyo nyumbani, mara tatu. Ikatulia kwenye 164 kwa 66. Kwa hiyo jua lilikuwa na mchango wake, lakini mdogo. Kilichonikaa kichwani ni ile sentensi ya kijana wa duka, kwa sababu nimeisikia kwenye madaladala, misibani, hata kwa watu waliosoma. Namba ya juu ni msukumo wa damu moyo unaposukuma, ya chini ni moyo unapopumzika. Toa 66 kwenye 164 unabaki na 98. Kijana wa miaka 25 mwenye 115 kwa 75 ana tofauti ya 40. Namba ya chini iliyomfurahisha shangazi yangu ni nusu ya habari mbaya yenyewe.

Ili kuona kwa nini, inabidi tuuache moyo kidogo tuutazame mshipa. Aota ndiyo ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, kubwa kuliko zote; inatoka juu ya moyo, inapinda kama mpini wa mwavuli na kushuka mbele ya uti wa mgongo hadi usawa wa kitovu. Unene wake ni kama bomba la inchi moja. Wengi tunadhani kazi yake ni ya bomba pia: kupitisha. Lakini moyo husukuma damu kwa vishindo, kiasi cha mililita 70 kwa kishindo, kisha hupumzika ili ujae tena. Kama aota ingekuwa ya chuma, ubongo ungepata damu kwa kurushiwa: inakuja, inakatika, inakuja. Aota changa haikubali hilo. Moyo ukisukuma, inatanuka na kuhifadhi karibu nusu ya damu ile. Moyo ukipumzika, inajikunja na kuisukuma iliyobaki mbele. Mhunzi wa kizamani alikuwa na mivukuto miwili, mmoja ukibanwa mwingine unajaa, ili moto usikose upepo. Mwili nao una miwili. Wa kwanza ni moyo, wa pili ni aota, na huu wa pili hatuusemi kabisa.

Aliyeliona hili mapema ni mchungaji wa Kiingereza, Stephen Hales, ambaye mwaka 1733 alichapisha majaribio yake ya kuingiza bomba kwenye ateri ya farasi na kutazama damu ikipanda zaidi ya futi 8 ndani ya kioo. Jaribio la kikatili, farasi hakuulizwa. Lakini Hales ndiye aliyelinganisha ateri kubwa na chemba ya hewa ya mashine za kuzimia moto za zama zake, ile inayofanya maji yatoke mfululizo hata kama wapigaji pampu wanapokezana.

Sasa fikiria mpira wa manati. Ukiwa mpya, unavuta na unarudi. Uache juani mwaka mzima: unapauka, unapasuka vijistari, na ukiuvuta haurudi ulikotoka. Ukuta wa aota unavutika kwa sababu ya nyuzi za protini iitwayo elastini, ambazo mwili hutengeneza tumboni mwa mama na utotoni, kisha karibu unaacha kabisa. Akiba uliyopewa ndiyo hiyo. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga mara 100,000 kwa siku na karibu milioni 37 kwa mwaka. Mpaka mtu afike umri wa shangazi, nyuzi zile zimevutwa na kurudi zaidi ya mara bilioni 2. Zinakatika. Pengo linazibwa na kolajeni, protini ngumu ya kamba na kano, ambayo ni imara lakini haivutiki.

Mshipa ukishakuwa hivyo, kila kishindo cha moyo kinakutana na ukuta usiotoa nafasi, na namba ya juu inaruka. Kisha moyo ukipumzika, hakuna akiba ya kusukumwa, na namba ya chini inadondoka. Ndiyo maana kwa watu wengi namba ya chini hupanda mpaka umri wa miaka 50 hivi, ikaanza kushuka, huku ya juu ikiendelea kupaa. Mtu akiiona ya chini imeshuka anasema Alhamdulillahi. Na si suala la hesabu tu: misuli ya moyo yenyewe hupata damu yake zaidi wakati wa kupumzika, yaani wakati wa ile namba ya chini. Mshipa mgumu unauongezea moyo mzigo na papo hapo kuupunguzia chakula.

Ubongo na figo ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu mishipa yao midogo iko wazi muda wote, ikipitisha damu nyingi. Vishindo ambavyo aota ilipaswa kuvilainisha vinafika huko vikiwa na nguvu zake zote. Hata mwendo wake unapimika: wimbi la mpigo husafiri kwenye aota ya kijana kwa mita 5 au 6 kwa sekunde, na likizidi mita 10, madaktari wa Ulaya huhesabu kwamba ukuta umeshadhurika.

Hapa ndipo nina ugomvi na lugha yetu. Tunasema presha *imepanda*, presha *imeshuka*, fulani *amepandisha* presha kwa sababu ya mtoto wake, mwingine amepandishiwa na mkewe. Kwa maneno haya presha ni kama maji ya bahari: yanajaa, yanakupwa, subiri. Ikipanda unameza kidonge, ikishuka unaweka kopo kabatini hadi ipande tena. Sidhani wagonjwa wetu ni wazembe kama wanavyosimangwa kliniki. Wanafuata mantiki ya neno walilopewa. Anayekunywa dawa wiki mbili, akapimwa, akaambiwa "imeshuka", kwa nini aendelee? Homa ikishuka unaendelea na Panadol?

Ukuta wa mshipa haupandi wala haushuki. Unachakaa, na uchakavu hauna siku ya kupumzika. Namba kwenye mashine ni kivuli cha ukuta huo.

Wasomi nao walishikwa na neno kwa muda mrefu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini presha ya uzeeni ni ya lazima, kwamba mwili unaipandisha makusudi ili damu ipenye kwenye mishipa iliyokakamaa, na kuishusha ni kumdhuru mtu. Rais Franklin Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili 1945, akiwa na miaka 63, baada ya damu kuvuja ubongoni. Siku ile namba yake ya juu ilipita 300. Ilikuwa imepanda kwa miaka mbele ya madaktari wake. Miaka 3 baadaye, mwaka 1948, serikali ya Marekani ikaanzisha utafiti katika mji wa Framingham, Massachusetts, kuwafuata watu 5,209 wazima wa afya na kuona nani ataugua moyo na kwa nini. Orodha ambayo leo kila muuguzi anaijua, presha, sigara, kisukari, lehemu (kolesteroli), uzito, kwa sehemu kubwa ilitoka huko.

Framingham hiyohiyo, mwaka 2012, ikatoa jibu moja lililonifanya nisome mara mbili. Kwa miaka tuliambiwa presha hukakamaza mishipa. Watafiti wakapima ugumu wa aota za watu kisha wakawafuata kwa miaka: waliokuwa na aota ngumu ndio waliokuja kupata presha baadaye, lakini presha ya mwanzoni haikutabiri ugumu wa baadaye. Sisemi upande mmoja umeshinda. Presha ikishakaa, hakuna shaka inaongeza uchakavu, na hivi viwili vinalishana. Ila inawezekana kabisa kwamba siku mashine inapokuandikia 150 kwa mara ya kwanza, ukuta ulishaanza kubadilika miaka kadhaa kabla.

Je, uchakavu huu ni uzee tu, kama mvi? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitoka kwetu. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu vipimo vya watu wapatao 1,000 wa South Kavirondo, magharibi mwa Kenya. Presha zao hazikuongezeka na umri. Baada ya miaka 40 zilielekea kupungua. Kati ya wagonjwa 1,800 waliolazwa kwake kwa miaka 2, hakuona hata mmoja wa presha. Wakoloni na hata baadhi ya madaktari wetu wa baadaye walilisoma hilo kama sifa ya damu: Mwafrika haugui presha, huo ni ugonjwa wa wazungu. Imani hiyo bado iko hai vijijini, na imetugharimu.

Mwaka 1990 mtafiti Neil Poulter na wenzake wakachapisha jambo ambalo nadhani lilistahili kufundishwa shule za msingi. Waliwachukua Wajaluo waliohama kutoka vijijini, upande uleule wa magharibi mwa Kenya, kwenda Nairobi kutafuta maisha, wakawapima tena na tena kwa miaka 2, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Damu ile ile, ukoo ule ule. Waliohama presha zao zilikuwa juu ndani ya miezi ya mwanzo. Si miaka 20. Mkojo wao ulionyesha sodiamu imeongezeka na potasiamu imepungua, na mizani ikaonyesha kilo zimepanda. Kwa lugha ya jikoni: chumvi zaidi, mboga na vyakula vya shamba pungufu.

Nchini kwetu, kati ya 2003 na 2006, watafiti walihesabu viharusi vipya katika eneo la Dar es Salaam na vijiji vya wilaya ya Hai. Matokeo yaliyotoka mwaka 2010, baada ya kusawazisha umri, yalikuwa takribani 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, na 316 Dar. Mara tatu, na Dar ikazipita nchi nyingi tajiri. Wala Hai isijipongeze: uchunguzi mwingine wa huko, wa mwaka 2013, ulikuta wazee 7 kati ya 10 wenye miaka 70 na zaidi wana presha. Hiyo ni migomba na kahawa chini ya Kilimanjaro. South Kavirondo ya 1929 haipo tena popote.

Kuna jambo linanikera katika mazungumzo yetu ya moyo, nalo ni mafuta. Fungua simu yako: juisi ya kuzibua mishipa, unga wa kusafisha mishipa, majani ya kuyeyusha mafuta. Lehemu ni adui kweli, na inaziba mishipa ya moyo kweli. Lakini hao wauzaji wamekopa picha ya bomba la sinki lililojaa ukoko, na bomba la sinki haliwezi kukakamaa. Utafiti uliofuata wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta chanzo kikubwa ni presha, asilimia 45. Mishipa ya moyo kuziba ilikuwa chini ya asilimia 8. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Kwa hiyo yule jamaa wa ofisini anayekwepa chipsi huku akiongeza chumvi kwenye supu ya saa nne hajamjua adui wake.

Sukari inafanya uharibifu wa aina nyingine, na huu nauona mzuri kuueleza hata kama ni mbaya kuupata. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, hujishikiza kwenye protini na kuzifunga pamoja, nyuzi kwa nyuzi. Ni kemia ya ukoo mmoja na ile inayofanya ganda la mkate ligeuke kahawia na kukauka tanurini. Ndiyo maana mwenye kisukari mishipa yake huzeeka kabla yake. Sigara nayo, pamoja na mengine yote, ndiyo rafiki mkubwa wa uvimbe wa aota tumboni, ule unaofutuka kimya mpaka unapasuka. Albert Einstein, mvuta kiko, alikufa nao Aprili 1955; upasuaji wa kuufunga ulikuwa umemwongezea miaka kama 6.

Turudi kwenye chumvi, maana ndiko shangazi na mimi tunakogombania. Kama wengi wa umri wake, anaamini yenye madhara ni "chumvi mbichi", ile ya kunyunyiza mezani, na kwamba iliyoiva kwenye mchuzi imeshavunjwa nguvu na moto. Sodiamu haiungui. Ichemshe mchana kutwa, itabaki sodiamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko cha chai kilichosawazishwa, kwa kila kitu. Sasa hesabu jiko la pwani: papa mkavu aliyekaa na chumvi, ng'onda, kidonge cha kuungia mchuzi, achari. Halafu magadi ya kulainishia maharage na kisamvu, ambayo watu hawayahesabu kabisa kwa sababu hayaitwi chumvi, na bado ni sodiamu.

Nchini China walijaribu njia nyingine. Vijiji 600, watu karibu 21,000, wengi wao waliowahi kupata kiharusi. Nusu ya vijiji vikapewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Mwaka 2021 wakatangaza: viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Hakuna aliyeacha kupika. Sisi tuliwahi kukubaliana kitaifa kutia madini joto kwenye chumvi kwa ajili ya rovu, kwa hiyo jambo hili haliko nje ya uwezo wetu, ingawa wenye figo mbovu wangehitaji kuonywa, kwa kuwa potasiamu kwao ni hatari.

Na mshipa uliokwisha kukakamaa? Elastini hairudi, na anayekuuzia dawa ya kuirudisha anakuuzia upepo. Lakini kutoka hapo kwenda kwenye "mzee huyo, mwacheni, presha ya uzee ni kawaida" ni kuruka mto kwa macho yaliyofumbwa. Mwaka 1991 Wamarekani walimaliza jaribio la watu 4,736 wenye miaka 60 na zaidi, wote wakiwa na ya juu kubwa na ya chini "nzuri". Wastani wao ulikuwa 170 kwa 77. Ndio kina shangazi hasa. Nusu walipewa dawa ya bei ndogo ya kukojosha, wakiongezewa nyingine ilipobidi, na viharusi vikapungua kwa asilimia 36. Elastini ya ukuta haikurudi. Kilichopungua ni nguvu ya kishindo.

Dawa zenyewe tunazijua. Jaribio la nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwa ndani, lililochapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba kwetu mchanganyiko wenye amlodipini hushusha presha vizuri kuliko usio nayo, na amlodipini iko kwenye kila duka la dawa. Duniani, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, ni mtu mmoja tu kati ya watano wenye presha ambaye imedhibitiwa.

Ninachojiuliza ni kwa nini nchi iliyojenga CTC, kliniki za tiba ya virusi vya UKIMWI, haijajenga kitu kama hicho kwa presha. Mtu wa CTC ana kadi, ana tarehe, akikosa anatafutwa. Akipimwa na virusi visionekane, hakuna anayemwambia sasa pumzisha dawa. Anaambiwa hongera, endelea, dawa inafanya kazi. Mtu wa presha anarudi akiwa na 130 kwa 80 na neno analolisikia ni "imeshuka". Hana kadi, hana anayempigia simu, na siku vidonge vikiisha na hela haipo, ndiyo siku tiba ilipoishia. Tuliweza kuwafundisha watu kwamba virusi kutoonekana si kupona. Ni somo lile lile.

Shangazi sasa ameshaonana na daktari, anameza vidonge viwili asubuhi, na ana daftari. Mwanzoni aliandika ya juu peke yake. Nikamwongezea safu mbili, ya chini na ya tofauti, naye hesabu za kutoa hazimshindi, alikuwa na genge miaka 30. Jumapili aliniandikia kwenye simu: 146, 70, 76. Nikampigia kumpongeza.

"Na ng'onda, shangazi?"

"Baba," akasema, "hiyo tutaongea ukija."